Depo ya unga nyuma ya Soko la Kenya, Lubumbashi: misimu miwili ya kununua humo

Mlangoni pa depo hii pana ubao mweusi wa shule, uliopasuka pembe moja, ambao kila asubuhi huandikwa mambo matatu kwa chaki: bei ya mfuko wa kilo 25, siku mahindi yaliposagwa, na mahali yalipotoka. Mambo mawili ya kwanza utaambiwa katika depo nyingine za Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, ukiuliza kwa upole. La tatu sijaliona kwingine, na ndilo lililonirudisha hapa mara nyingi kiasi cha kuweza kuandika tathmini hii. Nilinunua mfuko wangu wa kwanza humu Machi 2024, wakati habari za mvua kutoka upande wa Zambia zilikuwa mbaya, na tangu hapo nimeendelea kununua kwa ajili ya nyumba yetu ya watu tisa, ambayo humaliza mfuko mmoja kwa siku kumi hivi.

Depo iko katika komini, yaani sehemu ya mji, iitwayo Kenya, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka sokoni. Mwenyewe, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Mama tu, aliniomba nisitaje jina lake wala la depo, akisema kwamba wateja alio nao wanamtosha na kwamba anayetaka kumpata atafuata sauti ya mashine. Mashine hiyo ya kusaga iko uani, chini ya bati, na ukifika kabla ya saa tatu asubuhi utamkuta kijana anayeiendesha akiwa mweupe nyusi na masikio. Ndani ya depo mifuko imepangwa juu ya mbao, si juu ya sementi, na kati ya mifuko na ukuta pameachwa nafasi ya mtu kupita kiubavu. Jambo hili huonekana dogo mpaka uwe umewahi kurudi nyumbani na mfuko ambao upande wake wa chini umeganda kama udongo wa kichuguu, kama ilivyonipata mwaka 2023 kwa muuzaji mwingine ambaye hakutaka hata kuutazama nilipomrudishia.

Unga unaouzwa ni wa aina tatu. Uliokobolewa ni mweupe na laini, na bukari yake, yaani ugali, hushikana vizuri bila kunata vidoleni. Kwa sombe (majani ya mihogo) na ndakala (dagaa) sina malalamiko nao. Usiokobolewa ni mzito zaidi, una chembe zinazosikika kwenye ulimi, na watoto wangu walichukua wiki mbili kuuzoea, ingawa mimi binafsi nauona una ladha ya mahindi kuliko ule mweupe. Aina ya tatu, unga wa mahindi uliochanganywa na wa mihogo, nitaieleza baadaye, kwa sababu ilianza kuuzwa kwa lazima, na historia yake ni sehemu ya tathmini.

Kilichonifanya niiamini depo hii ni chupa. Siku moja ya Mei 2024 nilikuwa kwenye foleni wakati mkulima aliyetoka upande wa Kasenga aliposhusha magunia yake uani. Mama hakuyapima kwanza kwa mizani. Alichukua chupa kavu ya maji, akatia ndani konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, akafunga kifuniko, akaitikisa kwa dakika moja hivi, kisha akaiweka juu ya meza ili sote tuitazame. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yamekauka. Ikibaki imeshikamana na kuta za chupa, bado yana maji mengi mno ya kuwekwa ghalani. Kwa magunia mengi chumvi ilianguka. Kwa manne ilishika kuta kama ukungu wa asubuhi. Mkulima alianza kueleza kwamba yalikaa juani wiki nzima, na Mama akamjibu bila kupandisha sauti: “Papa, usisikilize kinywa yangu, sikiliza chumvi.” Magunia manne yakamwagwa juu ya turubai uani yaanikwe upya, na mkulima akalipwa ya yale mengine papo hapo.

Wako wanaoudhiwa na ukaguzi huu, kwa sababu unachelewesha foleni. Mimi naona ndio huduma yenyewe. Mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu, hasa Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu ambayo haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupikwa, na huharibu ini la mtu anayeila kwa muda mrefu. Kibaya zaidi, ukame shambani na mvua ya wakati usiofaa karibu na mavuno husaidiana katika kazi hiyo: mmea uliodhoofishwa na joto na kiu huingiliwa na kuvu kwa urahisi ukiwa bado umesimama, kisha mvua inayokuta mahindi hayajaanuliwa humalizia kilichoanzwa. Kwa hiyo majira yanapovurugika, swali la mlaji linakuwa mawili, kama unga utapatikana, na kama unga uliopatikana ni salama. Maduka mengi hujibu la kwanza tu.

Sasa nije kwenye ubao na safu yake ya tatu. Msomaji asiyekaa Katanga ya kusini huenda asielewe kwa nini mtu ajali mahindi yalipotoka. Huku bukari ni chakula cha kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi na unga unaolisha mji huu hutoka nje ya nchi, hasa Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, yapata kilomita 90 kutoka mjini, na pia kupitia Mokambo na Sakania. Mashamba yetu yana msimu mmoja wa mahindi: hupandwa mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na huvunwa kuanzia Aprili. Zambia nayo inafuata kalenda ileile kwa sababu anga ni lileile. Hivyo tunapomtegemea jirani tunamtegemea mtu ambaye ghala lake hujaa siku ambazo letu linajaa na hukauka siku ambazo letu linakauka, na mvua ikimkosa yeye, mara nyingi haiko mbali na kutukosa sisi.

Ndivyo ilivyokuwa msimu wa 2023 na 2024. El Niño, yaani kupata joto kusiko kwa kawaida kwa maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki upande wa kati na mashariki, hupunguza mvua kusini mwa Afrika na mara nyingi huizidisha Afrika Mashariki. Kiangazi kiliingia katikati ya majira ya mvua, mwezi wa Januari na Februari, wakati mahindi yanatoa mbelewele na kuhitaji maji kuliko wakati mwingine wowote. Shamba lililokosa mvua katika wiki hizo haliokolewi na mvua ya Machi. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, akieleza kwamba takriban hekta milioni 1 kati ya hekta milioni 2.2 zilizopandwa mahindi zilikuwa zimeharibika. Malawi na Zimbabwe zilitoa matangazo kama hayo wiki chache baadaye. Mavuno ya mahindi ya Zambia, ambayo mwaka 2023 yalizidi tani milioni 3, yalishuka hadi kama tani milioni 1.5. Nchi iliyokuwa ikituuzia ikawa inatafuta pa kununua, na hakuna aliyehitaji kutuandikia barua kutueleza maana yake; tuliisoma kwenye bei.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, kwa sababu siku hizi kila wingu linapopotea watu husema ni mabadiliko ya tabianchi, wakamaliza. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichunguza ukame ule na kutoa matokeo Aprili 2024: sababu kuu ya kukosekana kwa mvua ilikuwa El Niño, wala si ongezeko la joto linalosababishwa na binadamu. Hilo halitufariji sana. Hewa inayozidi kupata joto hunyonya unyevu wa udongo kwa kasi zaidi, kwa hiyo kiangazi kilekile cha wiki tatu humwumiza mkulima wa leo kuliko kilivyomwumiza babu yake. Na kwa mtu anayenunua unga, jina la sababu halibadilishi mnyororo unavyokatika.

Mnyororo wenyewe ulikatika zaidi ya mahali pamoja, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kwa kusimama kwenye foleni ya Mama kuliko kwa kusoma. Mvua iliyokosa shamba ilikosa pia mto Zambezi. Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa nguvu za maji, na ziwa la Kariba lilipopungua mno mwaka 2024, umeme ukagawiwa kwa saa chache kwa siku. Mashine za kusaga zikageukia dizeli, na kila lita ya dizeli ikaingia katika bei ya mfuko. Hivyo hata mahindi yaliyonusurika yalifika kwenye unga yakiwa yamebeba gharama ya ukame mara ya pili. Kisha ikaja mara ya tatu, mpakani, kwa kuwa nchi yenye upungufu hufunga mlango wa ghala lake, na Zambia iliubana usafirishaji wa mahindi na unga kwenda nje. Unga uliokuwa ukivuka kwa malori ukawa unavuka kwa baiskeli, mifuko mitatu au minne imefungwa nyuma ya kiti, na mwendesha baiskeli si mtu wa kukupa faktura wala wa kukuambia ulisagwa lini.

Kama kwamba hayo hayatoshi, Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache vituo vya mpaka kwa sababu ya ugomvi kuhusu bia na vinywaji baridi, ambavyo Kongo ilikuwa imezuia visiingizwe. Ukame hauhusiki na soda hata kidogo. Lakini njia ikiwa moja, yeyote anayesimama katikati yake anaweza kukuzuia kula, awe na sababu ya maana au asiwe nayo.

Miezi michache kabla ya hapo upande wa kaskazini wa Katanga ulikuwa na shida ya kinyume. Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kufurika mitaa ya Kalemie, na hata ya Uvira katika Kivu Kusini, na ndakala, ambazo zinapitia huko kabla ya kufika kwenye sufuria zetu, zikawa za kubahatisha. Nakumbuka jioni moja nyumbani tulikula bukari iliyokosa ndakala kwa sababu ya maji kuzidi, na iliyopikwa kwa unga wa bei ya juu kwa sababu ya maji kupungua, na mke wangu akauliza kama mimi niliyesoma naweza kumweleza jambo hilo vizuri. Sikuweza, si kwa kumridhisha.

Ubao wa Mama katika kipindi hicho ulikuwa wa kusomwa kama gazeti. Mwezi wa Machi ulisema Zambia. Aprili uliandikwa Zambia, ukafutwa, ukaandikwa Afrika Kusini, na bei ikapanda, kwa kuwa mahindi hayo hupita nchi mbili au tatu barabarani kabla ya kufika Kasumbalesa na kupanga foleni nyuma ya malori mengine. Kuanzia Mei ukasema Kasenga, kisha Kipushi, kisha Kasenga tena. Nilipomuuliza aliwezaje kupata mahindi ya humu wakati wengine walikuwa wakilalamika kwamba hayapo, alinieleza mpango ambao alikuwa ameuanza kwa woga mwaka mmoja kabla: huwapa wakulima anaowajua magunia matupu na sehemu ya fedha wakati wa kupalilia, huchukua mahindi yao Mei na Juni, na badala ya kuyasaga yote mara moja huyahifadhi yakiwa punje ndani ya mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Kamerun, ambamo wadudu hukosa hewa wakafa bila kunyunyiziwa dawa. Alinifungulia mmoja Januari 2025. Mahindi yalikuwa yamekaa humo miezi saba, na nilipochota konzi sikuona punje iliyotobolewa wala sikusikia harufu ya vumbi la fukusi ambayo sote tunaijua.

Mpango huu ndio unaoeleza bei zake, ambazo watu wengi huzilalamikia bila kuzielewa, nami nilikuwa mmoja wao. Juni na Julai, unga unapokuwa mwingi mjini, mfuko wa Mama huzidi bei ya soko kwa kiasi cha kukuuma; nimewahi kuondoka bila kununua. Januari, Februari na Machi, wakati wengine wanapandisha kila wiki, wake hubaki karibu na palepale. Kwa maneno mengine, unga wake ni ghali wakati unga ni rahisi, na ni rahisi wakati unga ni ghali. Nilikaa chini na daftari langu la matumizi ya mwaka mmoja kamili nikakuta kwamba jumla niliyolipa kwake haikupishana sana na ambayo ningelipa sokoni. Tofauti ni kwamba Februari sikulala nikiwaza, na mwalimu mwenye mshahara wa tarehe zisizojulikana anaelewa thamani ya jambo hilo kuliko ya faranga elfu tatu za Julai. Mwenye uwezo wa kununua mifuko sita Juni na kuihifadhi kwake vizuri hahitaji depo hii, anunue sokoni. Wengi wetu hatuna uwezo huo, tena unga, tofauti na punje, haukai miezi sita bila kuchacha.

Kuhusu unga wa mchanganyiko nitasema ukweli. Ulianza Aprili 2024, sehemu mbili za mahindi kwa moja ya mihogo, kwa nia ya kurefusha akiba. Wazo ni zuri, kwa kuwa mihogo huvumilia kiangazi ambacho huua mahindi na inaweza kukaa ardhini ikingoja. Lakini mfuko wa kwanza nilioununua ulikuwa na harufu kali, na bukari yake ilikuwa chungu kidogo, dalili kwamba mihogo haikulowekwa siku za kutosha, jambo ambalo si la ladha peke yake, kwa kuwa kulowekwa ndiko kunakopunguza sumu ya mihogo. Nilimrudishia. Aliuonja mbele yangu, akatema, akanipa mwingine wa mahindi bila kubishana, na wiki mbili zilizofuata mchanganyiko ukaondolewa kwenye ubao mpaka alipopata muuzaji mwingine wa mihogo. Tangu hapo ni mzuri, ingawa hunata zaidi na unahitaji mkono wenye nguvu wakati wa kusonga. Wazee wa Kikatanga watakuambia kwamba hiyo si bukari. Nyumbani kwangu wazee hao hula na kuomba nyongeza.

Mapungufu yapo mengine. Mizani iko nyuma ya meza, mbali na macho ya mteja, na kwa depo inayojivunia uwazi wa chumvi sielewi kwa nini haiko mbele. Nilipopima mfuko mmoja nyumbani ulipungua karibu nusu kilo, na ingawa ilikuwa mara moja tu, ningependa isitokee. Umeme ukikatika mashine husimama, jenereta huwashwa kwa saa mbili tu asubuhi, na anayekuja mchana atarudi mikono mitupu. Wakati wa uhaba kila nyumba huuziwa mifuko miwili tu, kanuni ambayo ni ya haki lakini husimamiwa na vijana wa mlangoni wasiojua kusema na mtu mzima. Hakuna deni, hata kwa mteja wa miaka.

Mwaka 2025 mvua zilirudi, Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, na wauzaji wengi wa mjini wakarejea Kasumbalesa kana kwamba mwaka 2024 haukuwepo. Siwalaumu, bei ya huko ilivutia. Nilipopita kwa Mama wiki iliyopita ubao ulisema Zambia na Kasenga, yote mawili, na uani turubai lilikuwa limekunjwa likingoja Mei. Nilimuuliza kama wakulima wake hawatamwacha wakiona bei imeshuka. Alisema wawili wamekwisha mwacha, na kwamba amewapa wengine magunia mapema.

Depo hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi tangu saa moja asubuhi. Njoo na gunia lako safi ukitaka punguzo dogo la bei, beba faranga za chenji, na kama unalipa kwa dola hakikisha noti haina hata mpasuko wa ukucha, maana kwenye jambo hilo Mama ni mkali kuliko kwenye mahindi.